Njia ya ziwa imeingia kwenye bei

Jumanne asubuhi komisioneri mmoja, yaani dalali wa nyumba, ninayefahamiana naye alinitumia picha nane kwa WhatsApp. Nyumba ya ghorofa, madirisha ya vioo kutoka sakafuni hadi darini, barza inayotazama Ziwa Kivu, bustani inayoshuka ngazi kwa ngazi hadi majini, na ukuta wa mawe ya volkano pande tatu. Chini ya picha aliandika: "Himbi, pieds dans l'eau. Sertifika ipo. Ukuta kamili. Njia ya watu haipo. Dola 350,000, tunaweza kuongea." Himbi ni kartie, yaani mtaa, ya ukingoni hapa Goma, mashariki mwa Kongo; pieds dans l'eau ni "miguu majini", na sertifika ni hati ya kiwanja.

Picha ya sita ndiyo iliyonifanya niache chai ipoe. Pale bustani inapokutana na maji kuna jiwe jeusi, pana, limelala kama meza. Lile jiwe nalijua. Mama yangu alifulia nguo juu yake tangu mimi sijazaliwa. Mimi na ndugu zangu tulijifunzia kuogelea hapo, mkono mmoja umeshika jiwe, mwingine unapiga maji, na mama anapaza sauti tusivuke kivuli cha mparachichi. Mashuka yalianikwa kwenye mawe ya juu, na jua likielekea upande wa Sake, magharibi, yalikuwa yameshakauka.

Nikarudi kusoma maneno yale. "Njia ya watu haipo." Ameyapanga katikati ya sifa za nyumba, baada ya sertifika na ukuta, kama mtu anavyotaja tanki la maji au jenereta.

Nikampigia.

"Mukubwa, hiyo ndiyo inapandisha bei," aliniambia, na sauti yake haikuwa na ubaya wowote. "Kiwanja chenye njia ubavuni kinasumbua. Watu wanapita na bidoni za maji saa kumi na moja asubuhi, watoto wanaoga pale, mwenye pesa hataki. Kuna kingine jirani, ukubwa ule ule, nyumba karibu ile ile, ila waliacha kanjia. Kile wanatoa kwa 280."

Nilipiga hesabu tukiwa bado kwenye simu. Elfu sabini. Njia ambayo mama alipita na mimi mgongoni ina bei, na bei yake ni dola elfu sabini, na anayezipokea ni yule aliyeifunga.

Naandika haya kwa hasira, na sitajifanya sina. Lakini nataka tuongee kuhusu kitu kile hasa ambacho pesa nyingi zinanunua kando ya maji, kwa sababu sisi wa Goma tumezoea kukitazama kwa nje, ukuta kwa ukuta, bila kuuliza.

Nilikuwa nimeanza kufuatilia bei hizi kabla ya Jumanne. Binamu yangu anayeishi Ubelgiji amefanya kazi miaka ishirini na tano, ameweka akiba, na sasa anataka nyumba ya maji kwa ajili ya uzee. Ana kama dola laki nne. Aliniomba nimsaidie kulinganisha. Tulianza na ndoto za mbali: ripoti ya Knight Frank ya 2024 ilihesabu kwamba dola milioni 1 zinakupa mita za mraba 16 tu kule Monaco. Laki nne za binamu zingempa mita 6 na kidogo, bafu la heshima na mlango wake. Dubai milioni hiyo inafika mita 91. Mombasa na Zanzibar pesa yake ingempa nafasi nzuri ya kuishi na bahari ya kweli, lakini kwa mgeni Kenya inatoa ardhi kwa muda usiozidi miaka 99, katiba yao ya 2010 imeandika wazi, na Zanzibar nako ardhi ni ya serikali, mgeni anapewa kwa mkataba wa miaka.

Binamu akasema: basi nirudi nyumbani, kwetu siyo mgeni. Ilibidi nimwambie jambo lililomuuma. Alichukua uraia wa Ubelgiji, na uraia wa Kongo ni mmoja tu, hauchangamani na mwingine. Mbele ya sheria yetu ya ardhi, ile ya tarehe 20 Julai 1973, yeye sasa ni mgeni, na mgeni hapewi ardhi ya milele. Anapewa miaka 25, kisha anaomba tena. Alinyamaza muda mrefu. Wengi wa huko wanamaliza jambo hili kwa kuandikisha kiwanja kwa jina la mama au dada aliyebaki, na kila familia hapa inajua namna mambo hayo yanavyoishia baada ya matanga.

Sasa laki nne zinanunua nini hapa? Zinanunua maji ya ziwa kuvutwa kwa pampu yako mwenyewe hadi kwenye tanki lako. Zinanunua umeme wa uhakika kuliko wa jirani, zamu, yaani walinzi, wawili wa kupokezana, upepo wa jioni, na machweo ambayo sijaona mahali pengine yakifanana nayo. Hazinunui bima ya volkano. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo iliteremsha moto katikati ya mji hadi ziwani, na tarehe 22 Mei 2021 ilisimama kwenye mlango wa mji, kule Buhene. Siku tano baadaye kartie 10 ziliambiwa zihame, tukalala Sake barabarani, kwa sababu wataalamu waliogopa moto ulio chini ya ardhi ungefika chini ya ziwa. Ziwa letu lina kina cha mita zaidi ya 480, na huko chini limebeba kama kilomita za ujazo 60 za methani na 300 za kaboni dioksidi. Hayo hayamo kwenye picha nane.

Na mazuku nayo hayamo. Hapa naomba mnivumilie kidogo, maana jambo hili linahusiana na njia kuliko linavyoonekana. Upande wa magharibi, kuanzia Kyeshero kwenda Bulengo na Lac Vert, ile hewa nzito inayoua inatoka kwenye nyufa za mawe ya kale na kukaa mabondeni, hasa usiku na alfajiri upepo ukiwa umelala. Haina rangi. Mbuzi anashuka kula majani, anaanguka. Mtu anashuka kumchukua mbuzi, naye anaanguka. Mama alitufundisha kutazama chini kabla ya kuteremka: ukiona ndege wadogo na wadudu wamekufa mahali pamoja, rudi juu, usiulize. Nani anajua mabonde haya yako wapi? Wanaojua ni wanawake waliopita hapo kila alfajiri kwa miaka thelathini. Mnunuzi anayechimba bustani ya ngazi kushuka majini, huku amewafungia nje wale wote wanaoijua ardhi ile, amelipa elfu sabini zaidi ili asisikie onyo. Nimemwandikia binamu maneno hayo hayo.

Turudi kwenye ukuta.

Sheria ile ya 1973 inasema ardhi ni mali ya Serikali peke yake, haiuzwi, na sisi tunapewa haki ya kuitumia. Inasema pia kwamba kitako cha kila ziwa ni mali ya umma. Tangu utoto tumesikia watu wa kadasta, ofisi inayopima na kuandikisha viwanja, wakitaja mita 10 kutoka majini ambazo hazijengwi. Kila mtu wa ziwani anaijua hesabu hiyo, fundi anaijua, shefu wa kartie anaijua, na anayejenga anaijua vizuri kuliko wote, ndiyo maana anajenga haraka.

Niliona kwa macho yangu jinsi njia yetu ilivyokufa. Haikufungwa siku moja. Kwanza ulikuja mzigo wa mawe, ukamwagwa ubavuni, tukaambiwa ni wa muda. Tukawa tunapita kwa kuinua mguu. Halafu likaja turubai, na nyuma ya turubai mafundi. Kisha wakaanza kumwaga mawe ndani ya ziwa lenyewe, lori kwa lori, mpaka ukingo ukasogea mbele na kiwanja kikarefuka. Mzee mmoja wa mtaa wetu alikwenda kuuliza ofisini. Aliambiwa kuna karatasi. Aliomba kuiona, akaambiwa karatasi ni ya mwenye kiwanja. Wiki iliyofuata lilikuja geti la chuma.

Na kuna jambo moja katika sheria ambalo kila mtu mwenye njia yake ya ziwa ingali wazi analazimika kulijua leo, kabla hajalala: sertifika ikishatimiza miaka 2 bila kupingwa, kuishambulia mahakamani kunakuwa kama kuusukuma mlima kwa bega. Miaka 2 tu. Sisi tulitumia mwaka mmoja na nusu kunong'ona. Tuliogopa. Tulisema mwenye nyumba ni mkubwa, ana watu. Tulisema vita vinakuja, nani atashughulika na njia. Nasema "tuli-" kwa sababu nami nilikuwepo, na sikuandika hata barua moja.

Kisha vita vikaja kweli. Mwishoni mwa Januari 2025 umeme ulikatika, na pampu zinazoleta maji ya ziwa mjini zikasimama. Mabomba yalikauka. Mji ulikuwa umejaa waliokimbia makambi juu ya wenyeji, na wote walikuwa na kiu ile ile. Milio ya risasi ikipungua kidogo, watu walitoka na bidoni za njano wakateremka kuelekea ziwani, kwa maana Goma inapokauka hakuna pengine pa kwenda.

Wakakutana na kuta. Nilikuwa kati yao. Mama alikataa nimwache nyumbani, akasema yeye anaijua njia. Tulifika pale ambapo njia ilikuwa inaanza, akasimama mbele ya geti na bidoni yake ya lita 20, akaligusa kwa kiganja kama mtu anayepapasa ukuta gizani. "Ni hapa," akaniambia. "Balifunga, lakini ni hapa."

Wanawake kama thelathini walikuwa wameshakusanyika. Wengine walitaka kuendelea hadi mwalo wa Kituku, mwendo mrefu siku ile, na hakuna aliyejua barabarani kuna nini. Ndipo zamu akafungua kidirisha cha geti. Kijana mdogo, macho mekundu ya kutolala. Alitutazama. Akafunga. Tukasikia anaongea kwa simu ndani, mtandao unakatika, anarudia sentensi ileile: "Ni akina mama, patron. Ni maji tu. Ni akina mama." Halafu geti likafunguka lote.

Tulipita kwenye majani yaliyokatwa sawasawa, tukakanyaga kwa uangalifu kandokando ya maua. Hakuna aliyegusa kitu. Mama alichota maji juu ya jiwe lake. Siku tatu geti lile lilikuwa wazi, tangu alfajiri hadi jioni, na siku ya tatu mtu alikuwa ameshaweka pale kijana wa kloro mwenye sirinji, anatia dawa kwenye kila bidoni. Siku ya nne mabomba yalikohoa, na geti likafungwa.

Mwenye nyumba alitenda wema, na nitausema mbele ya yeyote. Angeweza kukataa. Lakini nilirudi nyumbani na uchungu nisiouelewa hadi Jumanne hii nilipoona picha ya sita. Tulishukuru kwa kupewa ruhusa ya kupita kwenye njia yetu. Mama yangu, mwenye miaka sabini na kidogo, alimwambia kijana yule "Mungu akubariki" kwa kumruhusu afike kwenye maji aliyochota tangu akiwa bibi harusi. Siku ambayo simu ya patron haitashika mtandao, au patron atakuwa mtu mwingine aliyelipa elfu sabini za ziada ili asione akina mama, itakuwaje?

Najua watanijibu nini, maana komisioneri alishanijibu. Alisema njia zinaleta uchafu na kipindupindu. Mji huu hauhitaji kufundishwa kipindupindu. Julai 1994, wakimbizi karibu milioni walipoingia kwa siku chache, maelfu kwa maelfu walikufa nacho, na wazazi wetu walizika. Lakini fikiria kwa utulivu. Ukifunga njia kumi, watu hawaachi kunywa. Wanakwenda wote kwenye mwalo mmoja uliobaki, ambapo boti zinashusha abiria, magunia ya makaa yanapakuliwa, pikipiki zinaoshwa, na hapo hapo bidoni zinajazwa. Njia kumi zenye kijana wa kloro kila moja ni salama kuliko mwalo mmoja wenye watu elfu.

Wengine watasema mwekezaji atakimbia. Huko Ufaransa, ambako nyumba za ukingoni ni za mabilionea, sheria ya tarehe 31 Desemba 1976 inamwachia mpita njia mita 3 kando ya bahari, ndani ya kiwanja cha mtu binafsi. Wenye majumba wameipiga vita mahakamani, wengine wamepata nafuu, lakini hadi leo mtu asiye na kitu anaweza kutembea ukingoni mwa sehemu ya rasi ya Cap d'Antibes kwa miguu yake, akipita chini ya madirisha ya nyumba ambazo moja ingenunua mtaa wetu mzima. Bei za huko hazikuanguka. Na ng'ambo ya mpaka hapa, Gisenyi ya Rwanda, ufukwe uko wazi na watoto wanaoga. Inaniuma kuliandika hilo baada ya vita hivi, lakini ni kweli, na kila mtu wa Goma amewahi kuliona kwa macho yake.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba majumba yale yamelisha watu. Wachonga mawe, mafundi wa chuma, akina mama waliowapikia mafundi sombe na fufu, madereva wa chukudu, vile vigari vya mbao, waliosukuma saruji. Nakubali kwamba hata nyumba za kale za Corniche zilikuwa na kuta, na kwamba jumba la Mobutu kando ya ziwa, kabla halijawa ofisi ya gavana, halikuwa mahali pa kuchotea maji. Ukuta haukuanza jana. Ulizidi tangu 1994, mashirika ya misaada yalipoanza kulipa kodi za nyumba kwa dola, ukazidi tena 2000 pesa za koltani zilipopanda, na kila mara njia chache zaidi zilipotea. Sasa benki zilifungwa Januari 2025, wageni wengi wakaondoka, na komisioneri analalamika kwamba kodi zimeshuka. Huenda ndiyo sababu nyumba ya jiwe la mama inauzwa. Basi huu ndio wakati wa kudai njia, kabla sahihi mpya haijawekwa, kwa sababu mnunuzi mpya ataitazama sertifika na kusema yeye aliikuta hivyo.

Binamu nimemjibu. Nimemwambia kama anataka Himbi anunue kile cha 280, chenye kanjia, na elfu sabini atakazobakiza ajenge ngazi nzuri za mawe hadi majini, nje ya ukuta wake, aweke na taa. Amesema ataongea na mke wake.

Na ninyi mnaosoma hapa: yeyote aliye na picha ya njia ile kabla ya ukuta, hata picha ya harusi au ya ubatizo ambayo njia inaonekana nyuma, anitumie. Yeyote ambaye mama yake au shangazi yake alifulia pale, akubali kuandika jina lake kwenye barua. Tunaipeleka kadasta pamoja na ile ya mzee wa mtaa. Wametuambia ushahidi wa mdomo hautoshi, wanataka vipimo.

Vipimo anavyo mama. Jana jioni nilikaa naye barazani na daftari. Nilimwonyesha picha ya sita, akaikuza kwa vidole viwili, akatafuta ufa ulio upande wa kushoto wa jiwe, pale alipokuwa anaweka sabuni isiteleze. Alipouona akaanza kunitajia njia kutoka juu: kisima cha zamani, halafu mkaratusi uliopigwa radi, halafu mahali pa kuinama kwa sababu ya tawi, halafu mteremko wa mawe saba, halafu maji. Niliandika kutoka kisima hadi jiwe ni hatua 140. Nikamsomea. Akatikisa kichwa, akaniambia nifute: 140 ni kushuka. Kupanda na bidoni iliyojaa ni 160, maana hatua zinakuwa fupi, na kwenye mkaratusi lazima upumzike.